Busta, Dokta na Kipeperushi: Utafiti Uliolipiwa Uaminiwe Kiasi Gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nalima viazi mviringo huku Uporoto, Mbeya. Msimu huu kampuni moja ya mbolea za majani imeweka shamba darasa kijijini kwetu. Siku ya mkulima alikuja bwana mmoja aliyetambulishwa kama Dokta, akagawa vipeperushi vinavyosema utafiti umethibitisha kwamba busta yao, yaani hiyo mbolea ya kunyunyizia majani, inaongeza mavuno maradufu. Kijana wangu yuko chuoni, anasema mwanasayansi hawezi kudanganya kwa sababu wenzake watamuumbua. Jirani yangu anasema wasomi wote wananunuliwa, mwenye hela ndiye anayeuambia utafiti useme nini. Nimsikilize nani? La pili, kampuni inaomba nipige picha nimeshika chupa yao, itumike kwenye vipeperushi vya msimu ujao, na mimi nipewe chupa mbili za bure. Nikubali?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Swali lako la pili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa hiyo nitaliacha mwisho.

Kijana wako na jirani yako wote wawili wanazungumzia uongo. Mmoja anasema haupo, mwingine anasema umejaa. Mimi nashinda na takwimu za majaribio ya kilimo na ya afya, na uongo wa waziwazi, wa mtu kukaa chini akatunga namba, nakutana nao mara chache. Ninachokutana nacho kila msimu ni namba za kweli zilizopangwa ili zitoe jibu lililokuwa linatakiwa tangu mwanzo. Hapo ndipo hela inapofanya kazi yake. Cheo kina kazi nyingine: kinawafanya watu waone haya kukagua.

Tulizunguke kwanza hilo shamba darasa, maana mengine yote yamo humo.

Angalia lilipo. Mara nyingi utalikuta kando ya barabara, gari za wageni zisizame kwenye tope, tena kwenye udongo mweusi uliopumzishwa. Upande wa busta umepandwa mbegu bora iliyonunuliwa msimu huohuo, umewekewa mbolea ya kupandia ya kutosha, umepigwa dawa ya ukungu kila wiki mvua zilipochanganya, na palizi imefanywa na vibarua waliolipwa kwa wakati. Upande wa pili, ule wenye kibao cha "kilimo cha kawaida", mbegu ni Kikondo iliyorudiwa msimu baada ya msimu, mnyauko umo tayari, na dawa imepigwa siku ambayo mwenye shamba alipata hela. Tofauti itakuwepo, tena kubwa. Lakini hiyo ni tofauti ya mbegu, ya mbolea ya kupandia, ya dawa na ya palizi. Kama busta nayo imechangia chochote, hakuna mtu duniani anayeweza kujua kwa kuliangalia shamba hilo.

Halafu njoo siku ya kuvuna. Mavuno yanahesabiwa kwa magunia, na wewe na mimi tunajua gunia la viazi la huku kwetu lilivyo. Upande mmoja ukifungwa mdomo sawa na upande wa pili ukajazwa lumbesa, mmoja tayari kapata magunia mengi zaidi kwa viazi vilevile. Angalia pia wamechimba wapi. Mistari ya pembeni hupata mwanga na nafasi kuliko ya katikati, kwa hiyo mashina yake huzaa vizuri zaidi. Ukichimbia wageni mashina matano ya pembeni upande wa busta, na mashina matano ya katikati upande wa pili, umeshinda kabla mizani haijaletwa.

Katika jaribio la kweli, la aina wanayofanya watafiti pale TARI Uyole, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, eneo hugawanywa vipande vingi vidogo, na ni kura inayoamua kipande kipi kipate nini, mtu asije akaipa bidhaa yake udongo mzuri. Kila kitu kinalingana isipokuwa kile kimoja kinachopimwa. Vipande vinarudiwa, mistari ya pembeni haihesabiwi, viazi vinapimwa kwa kilo, na jaribio linarudiwa mahali pengine na msimu mwingine. Inachosha na inakula hela. Ndiyo maana shamba darasa la kampuni ni tangazo, na tangazo si dhambi, ilimradi lisivae koti la utafiti.

Sasa tazama kilichotokea kwenye shamba lile: hakuna namba hata moja iliyotungwa. Dokta anaweza kula kiapo na asiwe amesema uongo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anavutia kwa kuchagua kitu cha kulinganisha nacho.

Mambo hayahaya yanafanyika kwenye hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, tofauti ni kwamba huko wanavaa makoti meupe. Watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima upya, walilinganisha majaribio ya dawa na vifaa tiba yaliyolipiwa na watengenezaji na yale yaliyolipiwa na wengine. Yaliyolipiwa na watengenezaji yalitoa majibu ya kuwapendeza walipaji mara nyingi zaidi, na hilo lilionekana hata pale ambapo ubora wa jaribio kwa vipimo vya kawaida haukuwa mbaya kuliko wa wengine. Njia zake ni zilezile za Uporoto. Dawa yako mpya ishindanishe na dawa ya zamani iliyotolewa kwa kipimo kidogo, na hiyo ya zamani itaonekana dhaifu. Au ipime hiyo mpya kwa wiki sita wakati madhara yanajitokeza baada ya mwaka.

Iliyo mbaya kuliko zote, na ambayo shamba darasa haliwezi kukuonesha, ni kabati: jibu baya linafungiwa humo lisichapishwe. Mwaka 2008 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa tafiti 74 za dawa za sonona zilizokuwa zimesajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Mamlaka ilikuwa imeziona 38 kuwa zina majibu mazuri. Kati ya hizo, 37 zilichapishwa. Zilizobaki 36 zilikuwa na majibu mabaya au yasiyoeleweka. Humo, 22 hazikuchapishwa kabisa, 11 zilichapishwa kwa maneno yaliyofanya zionekane nzuri, na tatu tu ndizo zilizosema ukweli wao mbele ya wasomaji. Daktari aliyekuwa anasoma majarida kwa bidii aliona dawa zinazofaulu karibu kila mara. Wewe umesahihisha mitihani miaka yote hiyo, Mwalimu: ni mwanafunzi aliyefanya mtihani mara mbili kwa kila somo, akapeleka nyumbani karatasi alizofaulu na nyingine akachoma.

Kijana wako atasema haya yote yamejulikana, kwa hiyo sayansi imejisahihisha. Ni kweli yamejulikana. Muulize baada ya muda gani. Mwaka 1967 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mapitio yaliyoiondolea sukari lawama katika magonjwa ya moyo na kuyatwika mafuta. Chama cha wafanyabiashara wa sukari kilikuwa kimewalipa dola 6,500 za wakati ule, na wasomaji hawakuambiwa. Barua zenyewe zilikuja kuchambuliwa na kuchapishwa mwaka 2016. Karibu miaka hamsini! Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyowatia wazazi hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji, ilitegemea watoto 12, na mwandishi wake alikuwa analipwa na mawakili waliokuwa wanajiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Jarida la tiba la Lancet, lililoichapisha, liliifuta kabisa mwaka 2010. Wenzake walimuumbua, ndiyo, lakini hofu ile bado inazunguka mpaka leo kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kuna dawa ya ugonjwa wa kabati, na Mbeya imeinywa. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanakataa kuchapisha jaribio ambalo halikusajiliwa hadharani kabla ya kuanza: tutapima nini, kwa watu wangapi, na kufaulu kutamaanisha nini. Ukishatangaza, huwezi kubadilisha goli katikati ya mchezo. Jaribio la chanjo za VVU lililoitwa PrEPVacc lilifanyika hivyo, likiongozwa na Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda, kwenye vituo vya Masaka, Durban, Dar es Salaam na hapa kwetu Mbeya, kwa watu wapatao 1,500. Takwimu zilikuwa zinaangaliwa na kamati huru, wataalamu ambao hawakuwa watafiti wa jaribio wala wafadhili wake. Novemba 2023 chanjo zikasimamishwa kwa sababu kamati iliona hakuna matumaini ya kuonesha kinga, na mwezi uliofuata dunia nzima ikaambiwa. Hebu fikiria uzito wake: fedha nyingi za wafadhili, miaka ya kazi, majina ya watu na vyuo, vijana wa Mbeya waliojitolea mikono yao kuchomwa sindano, halafu mnatoka mbele za watu kusema haikufanya kazi. Kwa kipimo changu hiyo ni moja ya kazi za kisayansi za kujivunia zilizofanyika katika mkoa huu, na sijawahi kuona mtu akiipigia vigelegele.

Kwa hiyo swali la "nani kalipa" ni zuri ila halitoshi, maana utafiti wote unalipiwa na mtu. Mbolea mpya, kwa mfano, inatakiwa isajiliwe na TFRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mbolea, kabla ya kuuzwa, na hakuna ubaya wenye mali kugharamia upimaji wake. Mimi huuliza hivi: jibu lingekuwa baya, nani alikuwa na uwezo wa kulificha? Kama mwenye bidhaa ndiye mwenye shamba, mwenye daftari, mwenye mizani na mwenye kipeperushi, basi hata akiwa mtu wa ibada sina namna ya kumtofautisha na tapeli.

Nije kwenye cheo, ambacho watu hawakiangalii sana kwa sababu hakiachi risiti.

Mwaka 2022 wachumi fulani walichapisha jaribio lililofanywa kwa makala moja. Waandishi wake walikuwa wawili, mmoja mshindi wa Tuzo ya Nobel, Vernon Smith, na mwingine mtafiti asiyejulikana sana. Makala ileile, neno kwa neno, ilipelekwa kwa mamia ya wakaguzi, yaani wasomi wanaolishauri jarida likubali makala au likatae. Wengine waliona jina la Smith tu, wengine jina dogo tu, wengine hawakuona jina. Walioona jina dogo, asilimia 65 walisema ikataliwe. Wasioona jina, asilimia 48. Walioona jina la mshindi wa Nobel, asilimia 23. Wakaguzi hawa hakuna aliyewapa hongo. Waliliona jina, wakalegea.

Ukitaka kuona kulegea huko kunavyogharimu, kumbuka Mei 2020, Korona ilipokuwa imepamba moto. Lancet ilichapisha makala iliyodai kwamba dawa ya hydroxychloroquine ni hatari kwa wagonjwa wa Korona, mwandishi wa kwanza profesa wa Harvard, data kutoka kampuni moja ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere. Walidai wana kumbukumbu za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo. Moja ya mambo yaliyowafanya watafiti washtuke ni data za Afrika: maelfu ya wagonjwa wenye kumbukumbu za kompyuta zilizokamilika kwa kila kipengele. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri faili lake dirishani kwenye hospitali ya wilaya angeweza kuwaambia kuna kitu hapo. Walipoitwa waoneshe data, kampuni ikakataa, na makala ikafutwa ndani ya wiki mbili. Wakaguzi wa jarida waliipitisha. Jina la chuo lilikuwa limeshajibu maswali ambayo wao hawakuyauliza.

Pale Karolinska, Sweden, taasisi inayochagua washindi wa Nobel ya tiba, ilikuwa mbaya zaidi. Daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini aliwawekea wagonjwa bomba la kupitishia pumzi la plastiki, akaandika kwamba linakwenda vizuri, na wagonjwa wakawa wanakufa. Madaktari wanne wa hospitali hiyohiyo walipeleka malalamiko. Mwaka 2015 mkuu wa taasisi akamsafisha Macchiarini. Ukweli ulipotoka hadharani mwaka uliofuata, mkuu huyo alijiuzulu, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Taasisi iliona aibu ya kukiri ni kubwa kuliko hatari ya kunyamaza. Nadhani umeshawahi kuona shule ikifanya hivyo matokeo yakiwa mabaya.

Na namba za kutungwa zipo, nisikufiche. Huku kwetu tunaita kupika data, na mara nyingi jiko liko chini kabisa, kwa kijana wa kudadisi kaya anayelipwa kwa idadi ya madodoso. Kaya ya mwisho iko ng'ambo ya mto, mvua inanyesha, dodoso lina kurasa ishirini. Anakaa kwenye kibanda cha chai anajaza. Tunamkamata kwa vitu vidogo. Uzito wa watoto uliopimwa kwa mizani ya kidijiti, tarakimu yake ya mwisho hutawanyika karibu sawa kuanzia sifuri hadi tisa. Wa kupikwa hujaa sifuri na tano, au mpishi akiwa mjanja anazikwepa hizo mpaka zinakosekana. Kishikwambi nacho kinaandika muda: mahojiano ya saa nzima yamekwisha kwa dakika sita. Ila ninapomkamata huwa najiuliza pia kuhusu aliyepanga malipo ya namna ile.

Wakubwa nao hukamatwa hivyohivyo. Mwaka 2012 ilitoka makala mashuhuri, yenye majina makubwa ya vyuo vya Marekani, ikidai mtu akitia sahihi juu ya fomu kabla ya kuijaza husema ukweli zaidi. Makala kuhusu uaminifu! Miaka tisa baadaye wachunguzi wakaangalia data ya maili walizotembea wateja wa bima ya magari. Idadi ya waliotembea maili kidogo ilikuwa sawa na ya waliotembea maili elfu arobaini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyevuka elfu hamsini. Magari halisi hayatembei hivyo. Tena safu nusu zilikuwa na fonti, yaani aina ya herufi za kompyuta, ya Calibri na nusu Cambria, kila mteja wa fonti moja akiwa na pacha wa maili zinazokaribiana kwenye fonti ya pili, kana kwamba amenakiliwa. Makala ikafutwa 2021.

Hapa jirani yako atapiga meza: si nilisema? Mwambie taratibu. Wanaotoka upande wa Chunya wanaijua tumbaku kwa jasho lao. Makampuni ya sigara ya Marekani, ushahidi wa saratani ya mapafu ulipowazidi miaka ya 1950, hayakuwa na utafiti wa kuthibitisha kwamba sigara ni salama. Januari 1954 walilipia tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 wakisema wataalamu hawajakubaliana. Waraka wa ndani wa kampuni mojawapo, wa mwaka 1969, ulisema waziwazi kwamba bidhaa yao ni shaka. Hawakuhitaji mvutaji aamini wanasayansi wao. Ilitosha asimwamini mwanasayansi yeyote. Anayesema "wote wananunuliwa" anawafanyia makampuni kazi ileile, tena bila hata chupa mbili. Na waliogundua haya yote niliyokusimulia, ya sukari, ya sonona, ya maili za bima, ni watafiti haohao, wengi bila cheo kikubwa. Rais wa Chuo Kikuu cha Stanford alijiuzulu mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro kwenye makala za maabara yake, na habari hiyo aliifukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anaandikia gazeti la chuo. Hilo mpe kijana wako, litamfaa kuliko imani yake.

Kuhusu busta yenyewe, sina la kusema kama inafaa au haifai. Uliza kwanza namba ya usajili. Kisha kwenye shamba lako tenga vipande vinane vinavyolingana, mbegu moja, mbolea moja, dawa siku moja. Andika karatasi nane, nne "busta" na nne "maji", mjukuu achomoe, kipande kimoja karatasi moja. Vipande vya "maji" vinyunyizie maji matupu kwa bomba lililooshwa, maana nayo majani yanapata unyevu. Vuna mistari ya katikati, pima kwa kilo, toa bei ya chupa na ya kibarua wa kupiga. Vipande vinane vya msimu mmoja si neno la mwisho, lakini kama mavuno yanaongezeka maradufu kweli, utaona.

Sasa picha. Wanachonunua kwa chupa mbili ni neno "Mwalimu" litakaloandikwa chini yake. Nusu ya kijiji umewafundisha kusoma. Wakikuona umeshika chupa hawatauliza shamba lilikuwa wapi wala gunia lilifungwaje. Mimi ningewajibu hivi: subirini nivune, nipime kwa kilo mbele ya bwana shamba wa kata, na kwenye kipeperushi muandike kilo zote za pande zote mbili kama zilivyotoka, hata zikilingana. Waandikishiane na wewe hilo kabla hujamwaga tone la kwanza. Wakikubali, vaa koti lako zuri ukapige picha.